Kupanga Vipindi na Kuuza Matangazo katika Redio ya AM: Mwongozo kwa Stesheni ya Mombasa

Mtu wa Mombasa akiambiwa afungue redio, mkono wake huenda moja kwa moja kwenye FM. Huko ndiko ziliko Pwani FM, Baraka FM, Radio Rahma, Radio Kaya na idhaa za Nairobi zenye mitambo yao hapa Pwani, na huko ndiko sehemu kubwa ya fedha za matangazo ya biashara ilikohamia tangu serikali ilipoanza kuruhusu redio za watu binafsi katika miaka ya 1990. Mawimbi ya kati, ambayo wengi wetu tunayaita AM, kwa hapa Kenya yamebaki zaidi mikononi mwa shirika la utangazaji la taifa, KBC. Mwongozo huu unamlenga mwandaaji wa vipindi au meneja wa mauzo ambaye amekabidhiwa masafa ya AM katika eneo hili, au anafikiria kuyaomba, na anataka kujua ni vipindi gani vinavyoweza kusikilizwa humo na ni matangazo gani yanayoweza kuuzika.

Tatizo la vipindi na tatizo la matangazo ni tatizo moja, na stesheni nyingi huanguka kwa sababu zimeligawa kati ya ofisi mbili zisizosemezana. Idara ya vipindi hupanga muziki kwa kuiga FM. Idara ya mauzo huuza sekunde 30 kwa kuiga FM, ila kwa bei ya chini zaidi. Na mteja, ambaye si mjinga, huona kwamba anauziwa FM hafifu. Stesheni ya AM haiwezi kushindana kwa uzuri wa sauti wala, katika mji kama huu, kwa wingi wa wasikilizaji. Inachoweza kuuza ni saa mahususi, kwa watu wanaojulikana, wenye haja ambayo kipindi cha saa hiyo kinaitimiza. Mengine yote yatakayofuata yanatokana na hilo.

Pima mawimbi kabla ya kupanga ratiba

Katika Afrika, Ulaya na Asia masafa ya AM yametenganishwa kwa kilohezi 9 (kilohezi moja ni mitetemo elfu moja kwa sekunde), na kwa sababu hiyo sauti inayopita humo kwa usafi hukatika karibu na kilohezi 4.5. FM hupitisha hadi kilohezi 15. Maana yake kwa mwandaaji wa vipindi ni rahisi: fidla, ganuni na matari ya taarabu hupoteza mng'aro wake, ilhali sauti ya mtu anayezungumza hupita karibu yote. Sauti ya simu ya kawaida yenyewe huishia kama kilohezi 3.4, kwa hiyo msikilizaji anayepiga simu studioni husikika katika AM karibu sawa na mtangazaji aliyeketi mbele ya maikrofoni. Katika FM tofauti hiyo huonekana wazi na huchosha sikio. AM ni chombo cha mazungumzo kwa maumbile yake, na anayeijaza muziki mchana kutwa anakwenda kinyume cha chombo chake.

Jambo la pili ni bahari. Maji ya chumvi hupitisha mawimbi ya kati vizuri kuliko ardhi yoyote, na nchi kavu yenye mchanga au mawe huyameza. Mlingoti uliosimikwa karibu na mkondo wa bahari utasikika mbali kuelekea Vanga, Pemba na Malindi, wakati nguvu ileile ikielekezwa bara, kwenye ukavu wa Mariakani na Taru, itakwisha mapema. Stesheni ya FM iliyo juu ya kilima haina faida hii, na ni ajabu jinsi wauzaji wa matangazo wasivyowahi kuitaja kwa wateja wao.

Jambo la tatu ni usiku. Mchana tabaka la chini la anga ya juu hunyonya mawimbi yanayopanda, na stesheni husikika kwa yale yanayotambaa ardhini na baharini tu. Jua likizama tabaka hilo hupotea, mawimbi yanayopanda hurudishwa chini mamia ya kilomita mbali, na papo hapo stesheni za nchi nyingine huanza kuingia kwenye masafa yako. Huko Marekani, ambako siku za baridi ni fupi na za kiangazi ni ndefu, saa ya mabadiliko haya hubadilika sana mwaka mzima na huvuruga ratiba. Mombasa tofauti kati ya magharibi ya mapema kabisa na ya kuchelewa kabisa ni takriban nusu saa tu, kwa hiyo unaweza kuwa na ramani mbili za usikivu, ya mchana na ya usiku, na kuzitegemea mwaka mzima.

Ramani hizo zichorwe kwa miguu, si kwa kompyuta peke yake. Chukua redio ndogo ya betri, redio ya nyumbani inayotumia umeme na redio ya gari, uende nazo kwenye feri ya Likoni, Kongowea, Mwembe Tayari, Changamwe, Mtwapa, Mazeras na Ukunda. Sikiliza adhuhuri, baada ya magharibi na kabla ya alfajiri, na uandike kama maneno yanaeleweka bila kukaza masikio. Utagundua kwamba ndani ya ghorofa zilizojaa balbu za LED, chaja na televisheni kuna mkwaruzo unaofunika kila kitu, na kwamba nje, kwenye kibanda, chomboni au garini, sauti ni safi.

Gari linahitaji maelezo zaidi kidogo, kwa sababu humo mna hoja ya biashara ambayo wengi wameipita. Magari mengi yanayoingia kupitia Kilindini ni yaliyotumika kutoka Japani, ambako FM kwa miaka mingi ilianza megahezi 76 na kuishia 90. Redio ya gari kama hilo haizikamati idhaa zetu nyingi za FM mpaka ifungwe kifaa cha kubadili masafa au ibadilishwe. AM ya Japani, kwa upande mwingine, hutumia mpangilio uleule wa kilohezi 9 kama wetu, na hufanya kazi tangu siku gari linaposhuka melini. Simu za mkononi ni kinyume chake: hata kabambe ya bei nafuu huja na FM, lakini hakuna inayokuja na AM. Basi usimtafute mwanafunzi mwenye simu. Msikilizaji wako ni dereva, mlinzi wa usiku, mvuvi, mama mwenye redio ya betri jikoni, mzee aliye barazani.

Yaliyowapata waliotangulia

Marekani ndiko AM ilikokomaa na ndiko inakopigania uhai wake hadharani, kwa hiyo inafaa kutazama njia waliyopita. Tangazo la kwanza la kulipiwa linalotajwa sana lilirushwa tarehe 28 Agosti 1922 na WEAF ya New York, nalo lilikuwa hotuba ndefu ya kunadi nyumba za ghorofa. Kwa zaidi ya nusu karne AM ilibeba kila kitu, lakini kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 FM ilikuwa imeipita kwa idadi ya wasikilizaji, na muziki ukahama. Mwaka 1987 mamlaka ya utangazaji ya huko iliondoa kanuni iliyolazimisha stesheni kutoa nafasi kwa pande zote za mjadala. Mwaka uliofuata kipindi cha mtangazaji Rush Limbaugh kilianza kusambazwa nchi nzima, na mamia ya stesheni za AM zikapata wokovu katika mazungumzo ya siasa.

Wokovu huo ulikuwa na gharama yake. Kipindi kilichonunuliwa kutoka mbali kilikuwa rahisi kuliko kuajiri mtangazaji wa mjini, kwa hiyo watangazaji wa mjini waliachishwa kazi, na mwenye duka wa mji mdogo akakuta redio ya mtaani kwake haizungumzi tena juu ya mtaa wake. Aliacha kutangaza. Baadaye watengenezaji kadhaa wa magari ya umeme waliondoa AM kwa sababu mitambo ya magari hayo huleta mkwaruzo. Ford ilitangaza mwaka 2023 kwamba ingefanya hivyo, kisha ikarudi nyuma baada ya malalamiko, na mswada wa kulazimisha AM katika kila gari ukapelekwa bungeni. Stesheni za AM huko bado ni zaidi ya 4,000, nyingi zikisaidiwa na vijimitambo vya FM vinavyorudia matangazo yao. Ulaya wamekata tamaa mapema zaidi: Ujerumani na Ufaransa redio za taifa zilizima mawimbi ya kati mwishoni mwa mwaka 2015.

Mwandaaji wa Mombasa ajifunze mambo mawili humo. Muziki ukishahama haurudi. Na kipindi cha kuazima kutoka Nairobi, hata kikiwa kizuri, kinaua kile kitu pekee ambacho mwuza leso wa Mtaa wa Biashara angelipia.

Jenga ratiba juu ya saa za mji

Anza na karatasi tupu iliyogawanywa kwa saa, na mbele ya kila saa uandike ni nani wa eneo hili asiyeweza kutazama skrini wakati huo na ana haja ya kujua nini. Usiandike jina la kipindi chochote kabla ya kumaliza zoezi hili, kwa sababu jina likitangulia, watu hulipenda na kulitafutia sababu.

Saa kumi hadi saa kumi na mbili alfajiri ni za wavuvi, wachuuzi na madereva. Mvuvi anataka upepo, hali ya bahari na saa ya maji kujaa na kupwa. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri, na jedwali la maji la Kilindini linapatikana, lakini mtangazaji asiyasome kama taarifa ya kiserikali. Amweke studioni, au kwenye simu, nahodha mkongwe anayeweza kusema kwamba leo ni bamvua, kwamba kusi imekaza na wenye ngalawa wangoje, na aeleze kwa nini. Mchuuzi anataka bei ya Kongowea na Marikiti iliyokusanywa asubuhi hiyohiyo: gunia la viazi, kreti ya nyanya, nazi kwa mia, samaki kwa kilo. Mtu mmoja mwenye simu sokoni saa kumi na moja anatosha, mradi bei zake ziwe za kweli. Akibuni siku moja, wachuuzi watajua kabla jua halijapanda.

Saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi ndiyo saa ambayo kila idhaa ya FM huweka watangazaji wake wawili wa kuchekesha. Usiwafuate. Toa hali ya barabara kila nusu saa kwa uhakika, bila mzaha: feri ngapi zinavusha Likoni, foleni ya malori Changamwe imefika wapi, Kibarani kuna nini, na je, dereva wa kusini apitie Dongo Kundu? Dereva akishajua kwamba dakika ya 15 na ya 45 ya kila saa atapata jibu, atarudi kwako hata kama anasikiliza muziki kwingine. Nidhamu ya dakika ni muhimu kuliko kipaji cha mtangazaji, na ningemwachisha mtangazaji hodari anayechelewa kabla ya yule wa kawaida anayefika kwa wakati.

Asubuhi ya kati na adhuhuri ni saa za matangazo ya kijamii, na hapa pana hazina. Tanzia ni ya kwanza. Watu wa Pwani huzika mapema, mara nyingi siku hiyohiyo kwa Waislamu, na ndugu wa Msambweni au Malindi anahitaji kujua kabla ya adhuhuri ili awahi mazishini. Makundi ya WhatsApp hufanya kazi hii, ndiyo, lakini hayamfikii babu asiye na simu ya kisasa wala aliye shambani. Weka saa maalumu za tanzia, thibitisha kila moja kwa kupiga simu kwa mwenye msiba, na utoze ada ndogo isiyomuumiza mfiwa, au usitoze kabisa na umtafute mdhamini wa kipindi kizima. Vitu vilivyopotea, nafasi za kibarua, ratiba za kliniki na mikutano ya wadi zifuate kwa mtindo huo. Salamu za wasikilizaji, ambazo zimekuwa uti wa mgongo wa redio ya Kiswahili tangu enzi za kadi zilizotumwa kwa posta, ziwekwe mchana kwa muda mfupi na kwa ukali wa saa, la sivyo zitameza kila kitu.

Alasiri iwe ya simu za wasikilizaji, kwa sababu iliyokwisha kutajwa kwamba AM huibeba sauti ya simu vizuri. Chagua somo moja linalomgusa mtu mfukoni au nyumbani, mathalani hati za ardhi, karo, maji ya mfereji yasiyotoka Kisauni, mkopo wa chama, na umwalike mtaalamu mmoja anayejibu bila kukwepa. Nunua kifaa cha kuchelewesha sauti kwa sekunde chache, na mtu wa kubonyeza kitufe awe tofauti na mtangazaji. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 sheria ya 2008 ya utangamano wa kitaifa iliharamisha matamshi ya chuki, na stesheni haitasikilizwa ikisema kwamba maneno yalikuwa ya mpiga simu.

Muziki usipigwe marufuku, upewe mahali pake. Saa mbili za taarabu ya zamani na bango jioni zitakubalika katika AM, kwa kuwa rekodi za kale zenyewe hazina sauti za juu za kupoteza, na wanaozipenda ni wazee wenye redio za aina hiyo. Usiku, stesheni inaposikika mbali lakini kwa kuyumba, weka simulizi, mawaidha, ushairi na tahakiki ya habari za siku, vipindi ambavyo msikilizaji akikosa sekunde kumi hapotezi uzi. Walinzi wa usiku watakusikiliza kwa uaminifu ambao kipindi cha asubuhi hakitaujua kamwe.

Kishawishi kikubwa kuliko vyote kitakuja mwezi wa kwanza mapato yakipungua: kumkodisha mganga au mhubiri saa nzima, alipe taslimu, aseme atakalo. Fedha ni za haraka, na ndiyo maana stesheni nyingi ndogo hufa nazo. Msikilizaji wa bei za soko akikuta saa yake imechukuliwa na mtu anayeuza dawa ya kurudisha mpenzi, huondoka, na mdhamini wa bei za soko huondoka naye. Ukilazimika kukodisha, kodisha saa za usiku mno, kwa mkataba unaokupa haki ya kusikiliza rekodi kabla na kuikataa.

Uza saa

Orodha ya bei ya stesheni ya AM isianze na sekunde 30. Ianze na vipindi, kila kimoja kikiwa na mdhamini mmoja mkuu ambaye jina lake hutajwa mwanzo, katikati na mwisho, na mbele ya bei paandikwe ni nani husikiliza saa hiyo na wapi, kwa mujibu wa ile ramani uliyoichora kwa miguu. Muuzaji wa injini za boti, nyavu na barafu hana haja ya kujua kwamba una wasikilizaji wangapi Nyali. Anataka kujua kama wavuvi wa Shimoni wanakusikia saa kumi na moja alfajiri. Ukiweza kumpeleka huko akasikie mwenyewe, hutahitaji karatasi nyingine.

Bei ipatikane kwa hesabu, si kwa kuangalia jirani anatoza nini. Jumlisha gharama za mwezi, yaani umeme, mafuta ya jenereta, mishahara, leseni, mirabaha ya muziki, kodi ya nyumba na ya kiwanja cha mlingoti, kisha ugawanye kwa saa unazokuwa hewani. Tuchukulie kwamba saa moja inakugharimu shilingi 2,400, na umejiwekea dakika 8 za matangazo kwa saa, yaani nafasi 16 za sekunde 30. Hutaziuza zote, stesheni changa ikiuza nusu imejitahidi. Nafasi 8 zikibeba shilingi 2,400, kila moja inatakiwa ikuachie shilingi 300. Wakala wa matangazo akikata asilimia 15 na muuzaji wako akipewa asilimia 10, bei ya chini kabisa ni shilingi 400, na hapo hujapata faida hata senti moja. Ukishaujua mpaka huu, utaweza kumkatalia mteja kwa utulivu. Andika pia waziwazi kama bei ni kabla au baada ya VAT ya asilimia 16, na uwe tayari kutoa ankara ya eTIMS, yaani mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya ushuru, kwa sababu mfanyabiashara aliyesajiliwa hawezi siku hizi kuyadai matumizi yake kwa mamlaka ya ushuru bila ankara hiyo.

Wateja wa kampuni kubwa za Nairobi watakuuliza takwimu za utafiti wa wasikilizaji. Stesheni ndogo ya AM mara nyingi haionekani katika tafiti hizo, kwa kuwa zinakusanywa zaidi kwa simu na mijini, na kulalamika hakusaidii. Tengeneza ushahidi wako mwenyewe. Weka daftari la kila simu na ujumbe unaoingia, ukiandika saa, mtaa au kijiji na kipindi, kisha utoe muhtasari kila mwezi; namba za watu zihifadhiwe kwa uangalifu, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu pia. Kwa duka la rejareja, mpe mteja neno la siri la kutajwa redioni pekee, na anayelitaja dukani apunguziwe kidogo. Baada ya wiki mbili mwenye duka atahesabu mwenyewe ni wangapi walilitaja, na hesabu yake ataiamini kuliko yako.

Tangazo lenyewe liandikwe kwa ajili ya AM. Matangazo mengi yanayoletwa na wakala yametengenezwa kwa FM, yana muziki chini ya maneno, mlio wa gari, watoto wakicheka, na yakifika kwenye redio ya betri Mtwapa hugeuka kuwa vurugu. Omba maandishi, ulirekodi upya kwa sauti moja iliyo wazi, bila muziki chini yake. Kwa sekunde 30 maneno 60 yanatosha, na jina la biashara litajwe mara tatu. Mfano wa duka la leso, kabla hujalitia jina la duka mara zake tatu, ungeweza kuwa hivi: "Leso mpya za msimu zimeingia Mtaa wa Biashara. Jozi ni mpya, majina ni mapya, na rangi haichuji hata ukifua kwa maji ya kisima. Bibi harusi mtarajiwa, njoo na mama yako, njoo na somo wako, mchague kabla hazijaisha. Tunafungua saa mbili asubuhi, tunafunga adhuhuri kwa sala, kisha tunaendelea hadi magharibi." Namba ya M-Pesa au ya simu isiwekwe katika tangazo fupi isipokuwa ni lazima, na ikiwekwa isomwe polepole, mara mbili, kwa mafungu ya tarakimu mbilimbili.

Mtangazaji anayependwa akitaja bidhaa kwa maneno yake mwenyewe huuza kuliko rekodi yoyote. Ndiyo njia yenye thamani kubwa zaidi uliyo nayo, na ndiyo rahisi kuharibika. Asitaje zaidi ya bidhaa mbili kwa kipindi, asisifu kitu ambacho hajakitumia, na malipo yapite ofisini. Nahodha wa kipindi cha alfajiri akianza kusifu nyavu za mtu aliyemnunulia chai, wavuvi watajua, na utabiri wake wa bahari nao utatiliwa shaka.

Kuhusu malipo, kuwa mgumu. Mteja mpya alipe kabla ya tangazo kurushwa; wa zamani apewe siku 30 kwa maandishi; na kila mwisho wa wiki mpelekee orodha ya tarehe na saa ambazo tangazo lake lilikwenda hewani, pamoja na rekodi akiitaka. Matangazo ya serikali ni ya kupokewa lakini si ya kujengea bajeti. Vyombo vya habari nchini vimelalamika kwa miaka mingi juu ya madeni yasiyolipwa, na mwaka 2024 serikali iliagiza matangazo yake yapelekwe KBC peke yake, agizo lililofikishwa mahakamani. Ukiwa na mteja mmoja anayebeba zaidi ya robo ya mapato yako, awe serikali, kaunti au kampuni, anza kutafuta mbadala wake leo.

Kamari ni ya aina hiyohiyo. Iliwahi kujaza saa za redio nchini mpaka stesheni zikasahau kutafuta wateja wengine, na Aprili 2025 bodi ya michezo ya kubahatisha iliposimamisha matangazo hayo kwa siku 30, pengo lilionekana mara moja. Dawa za mitishamba, mikopo ya simu na viwanja vya bei ya ajabu, matangazo yake yasomwe na wakili kabla ya kuyapokea. Kumbuka pia kwamba kanuni za Mamlaka ya Mawasiliano huzihesabu saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku kuwa muda ambao watoto wanasikiliza, na zinayahusu matangazo ya biashara kama vipindi.

Umeme na saa za kufunga

Mtambo wa AM wa kilowati 10 unaofanya kazi saa 18 kwa siku hauli chini ya uniti 200, mara nyingi zaidi. Mtambo wa FM unaohudumia mji uleule hula sehemu ndogo ya hizo. Muulize fundi wako kama mtambo unaweza kupunguza nguvu ya wimbi la msingi wakati sauti inapopanda au kushuka, maana mitambo mingi ya kisasa ina uwezo huo na huokoa umeme bila msikilizaji kutambua. Waya za shaba zilizofukiwa chini ya mlingoti zilindwe usiku na mchana. Zikiibwa, nguvu hupotea ardhini na bili inabaki palepale.

Kisha chukua ile karatasi ya saa na uandike mbele ya kila saa gharama yake ya umeme na mapato yake ya matangazo kwa miezi mitatu iliyopita. Saa isiyojilipia na isiyo na wasikilizaji wanaojulikana ifungwe. Kwa stesheni nyingi hizi zitakuwa kati ya saa sita na saa tisa na nusu usiku, na hakuna aibu kuaga hewani na kurudi alfajiri. Ramadhani hesabu hiyo hugeuka: nyumba zimeamka kwa daku, majiko yanawaka, na saa zilizokuwa tupu huwa na wasikilizaji wengi kuliko adhuhuri. Wauzaji wa tende, unga, mafuta ya kupikia na nguo za Idi huzigawa fedha zao za msimu mapema, kwa hiyo mkataba wa mdhamini wa daku na wa kipindi cha kufuturu uwe umesainiwa kabla Shaabani haijafika nusu, na kiasi fulani kiwe kimelipwa.